Ukurasa wa Ijumaa

Kila Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri tunakabidhi ukurasa mmoja kwa mwalimu wetu mlezi. Maagizo yake ni mafupi: andika umesonga wapi wiki hii, somo kwa somo. Haupewi alama. Anausoma, anatia mstari mwekundu hapa na pale, Jumatatu anaurudisha. Juzi nilizisoma kurasa zangu zote za muhula huu kwa mpigo, nikaona jambo lililoniudhi: somo ninaloliandikia mengi kuliko yote ndilo nililosonga kidogo kuliko yote.

Somo lenyewe ni nadharia ya muziki. Mimi ni mtoto wa kwaya. Nimekulia Lushoto kwenye usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, na huko kwetu mtoto anaimba do-re-mi kabla hata hajafikiriwa kuingia kipaimara. Mwalimu wa kwaya aliandika wimbo ubaoni kwa herufi, d, r, m, f, soprano juu, besi chini, na ole wako upandishe nusu sauti pasipostahili. Mfumo huo wa herufi ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakaubeba, na mpaka leo ndio unaoimbisha kwaya nyingi nchini. Kwa hiyo nilipofika Bagamoyo kusoma muziki, darasa la nadharia nililiingia nikiwa mwenyeji. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzihamisha herufi zile kwenye mistari mitano ya nota. Basi kila Ijumaa nikawa namwaga wino: ngazi za sauti, kubwa na ndogo, umbali wa sauti na sauti, alama za kupandisha na kushusha. Mwalimu mlezi akawa anaweka vema. Ukisoma kurasa hizo utadhani nakimbia, kumbe nataja mizigo niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Sasa tazama mstari wa ngoma, wiki zilezile. "Chapuo: tunaendelea." "Chapuo: bado." "Chapuo: vidole vinauma." Kuna Ijumaa niliacha nafasi tupu kabisa, mwalimu akachora alama ya kuuliza.

Nina mwenzangu darasani, jamaa wa Newala, ambaye mambo yake yamegeuka. Ngoma ameikuta nyumbani, wajomba zake wanapiga, na akikaa kwenye sindimba unaona wachezaji wanaanza kumtazama yeye. Nota ndizo zinazomtoa jasho. Tulilinganisha kurasa zetu za wiki moja, tukakuta wote wawili tumeandika maneno karibu yaleyale: nimejifunza ngazi ya G. Mimi sentensi hiyo ilinigharimu muda wa kuiandika tu. Yeye alikesha nayo, akaamka nayo, akaimba "F imepanda" mpaka mezani kwa mama lishe. Karatasi haikuonyesha tofauti hiyo hata kidogo. Tangu siku hiyo tumepatana: jioni ananikalisha kwenye chapuo, halafu namkalisha kwenye nota. Nani anafaidika zaidi, sijui, ila chai ni ya kwangu daima.

Niseme kidogo kuhusu chuo, maana watu wengi hudhani tunashinda tukikata mauno. Chuo cha sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na siku hizi jina lake rasmi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Anayesoma muziki hasomi muziki peke yake. Kuna ngoma, kuna historia, kuna jukwaa na taa zake, kuna stadi za mawasiliano, na hofu ya sapu, mtihani wa kurudia, iko palepale kama chuo kingine chochote. Baba mdogo bado anawaambia watu nasomea "utamaduni", kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Turudi kwenye chapuo. Ni ngoma ndogo ya huku pwani, inayokwenda mbio juu ya vumi. Vumi ndilo kubwa, sauti yake nzito, na halina maneno mengi. Mtu akisikia mdundiko ukipita mtaani anadhani ugumu wa chapuo uko kwenye kasi. Kasi unaizoea. Kilichonishinda ni kwamba mkono mmoja unakwenda kwa tatu na mwingine kwa mbili, ndani ya nafasi ileile, na mtu aliyekuzwa na mkono wa mwongoza kwaya anataka kwanza ajue "moja" iko wapi. Kwenye ngoma, "moja" ya mpigaji mara nyingi siyo "moja" ya mchezaji, wala siyo ya mwimbaji. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, na kila nilipofika kwenye hesabu niliyoisubiri, wenzangu walikuwa wameshapita.

Mwalimu wa ngoma ananiita Mwanakwaya. Siku moja alisimamisha darasa zima.

"Mwanakwaya, unasali au unapiga?"

"Napiga, mwalimu."

"Basi funga mdomo. Na uache kunitazama mikono. Tazama mguu wa yule anayecheza."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini yale yalikuwa maelekezo kamili. Mpigaji anayetazama mikono ya mpigaji mwenzake atakuwa nyuma maisha yake yote, kwa sababu anangoja mkono ushuke ndipo naye ashushe wake. Anayetazama mguu anauona ukiinuka, na ukishainuka anajua utatua lini. Ana nafasi ya kujiandaa. Nilipoanza kutazama miguu sikuweza tena kuhesabu, macho yalikuwa na kazi nyingine, na hapo tatu na mbili zikaanza kukaa zenyewe. Ijumaa hiyo niliandika: "Chapuo: afadhali."

Muhula huu umeangukia masika, na ngozi haipendi masika. Unyevu wa bahari ukijumlisha na mvua, ngozi inalegea, chapuo inapoteza ile sauti yake kali na kubaki na mguno. Kwa hiyo kabla ya kipindi tunawasha moto wa makuti na vifuu, tunazipanga ngoma kuuzunguka, nyuso zikiuelekea. Kazi hii ina elimu yake. Ukiisogeza ngoma karibu mno, ngozi inakauka mpaka inachanika. Ukiiweka mbali, unapoteza makuti bure. Mwalimu haipigi kwa kiganja kizima akiwa anaipasha, anaigonga karibu na ukingo kwa ncha ya kidole cha kati, anasikiliza, anaigeuza robo, anagonga tena. Anatafuta sauti moja kuzunguka ukingo wote, maana ngozi haina unene sawa kila mahali. Palipo pembamba panakaza upesi, palipo pazito panachelewa, na ngoma ikiondolewa motoni kabla upande mzito haujafika, itakusumbua kipindi kizima.

Mwanzoni mwa muhula nilikuwa nasikia mambo mawili tu, ngoma iliyo tayari na ngoma ambayo bado. Siku hizi nasikia ni upande upi uko chini, na mara nyingine naigeuza kabla mwalimu hajasema. Sikuliandika jambo hilo Ijumaa hata moja. Nilidhani kuwasha moto ni maandalizi, somo linaanza tukishakaa. Na hapo ndipo ninapoulaumu ukurasa kidogo: unauliza somo kwa somo, nami nikawa najibu kwa kufuata ratiba iliyobandikwa ukutani. Ratiba haina kipindi cha makuti.

Nadharia nayo ilibadilika mwezi uliopita, tulipofika kwenye muziki wa Wagogo. Hapa Bagamoyo huwezi kulikwepa jina la Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika chuo hiki, akaishi mjini humu hadi alipofariki mwaka 2003, na ambaye sauti yake, zeze lake na ilimba yake vilirekodiwa mpaka Uingereza. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Iliyo kubwa huwa na vyuma makumi kadhaa. Kwenye tundu lake hubandikwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotia ule mvumo wa kukwaruza ambao mgeni anaweza kudhani ni ubovu. Mwalimu alileta ilimba, akapiga taratibu chuma kimoja kimoja, akatuambia tuandike ngazi yake.

Darasa zima likatoa simu. Kuna programu za kupimia sauti, unaweka simu karibu na ala, mshale unakuonyesha kama umefika au umepungua. Chuma cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Kikafika kimoja, mshale ukaanguka chini ya mstari ukakaa hapo, mwekundu. Simu zote zilisema vilevile. Darasa likagawanyika: wako waliosema chuma kimelegea kisogezwe, wako waliosema ala ya mtu mzima haisahihishwi na simu ya laki mbili. Jamaa wa Newala alikuwa kundi la pili na alilitetea kwa sauti.

Mwalimu hakuamua. Aliiweka ilimba chini, akachukua zeze. Akaugusa uzi kwa wepesi katikati huku akivuta upinde, ikatoka sauti ileile kwa juu, oktava. Akaugusa kwenye theluthi, ikatoka nyingine. Robo, nyingine tena. Akaendelea hivyo kidogo kidogo mpaka sehemu ya saba ya urefu wa uzi. Ikatoka sauti nyembamba sana, na kila mtu aliitambua: ni ileile ya chuma chetu chekundu.

Uzi ukivutwa unatetema mzima, na papo hapo unatetema kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Sauti hizo zimo ndani yake hata usipozigusa. Wataalamu waliochunguza uimbaji na ala za Wagogo wameonyesha kwamba ngazi yao imejengwa juu ya sauti hizo za asili. Kinanda cha kanisani kwetu kimeigawa oktava hatua 12 zilizo sawa, na wanaopima sauti huipa kila hatua senti 100. Sauti ya saba ya uzi inaangukia kama senti 31 chini ya hatua ya kinanda iliyo karibu nayo. Programu ya simu imetengenezwa kwa kipimo cha kinanda, na ilimba imefuata uzi. Kwa hiyo mshale haukudanganya, ila ulijibu swali ambalo ilimba haikuuliza.

Ijumaa ile, chini ya nadharia, niliandika mistari miwili. Mwalimu mlezi akaizungushia duara: "Mbona kidogo?" Kwa sababu kichwani nilikuwa na wazee wa besi wa kwetu Lushoto. Kuna mahali katika nyimbo fulani, kinanda kikinyamaza, wanakaa chini kidogo ya nota, wote kwa pamoja, kila Jumapili, na mwalimu wa kwaya kila Jumapili anawapandisha. Ni uvivu wa koo, au masikio yao yanafuata kitu? Nimeshampigia mmoja wao simu, nikamuuliza kwa adabu zote kama anajisikia anashuka. Alinijibu kwamba yeye haimbi kwa kushuka wala kupanda, anaimba besi, na akanikumbusha kwamba sijatuma hela ya sare.

Hapa ningeweza kutunga kanuni, kwamba anayeandika mengi amekwama na anayeandika machache anakwenda. Historia inaivunja kanuni hiyo. Wiki tuliyosoma beni nilijaza karatasi mbele na nyuma, na kila mstari ulikuwa mpya kwangu. Beni ilianzia kwenye miji ya Waswahili upande wa kaskazini, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, kisha ikaingia bara pamoja na askari na wapagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu waliziona bendi za kijeshi za wazungu, magwaride yao, sare na vyeo vyao, wakavichukua wakatengeneza ngoma yao wenyewe, yenye wafalme wake na majenerali wake, na mashindano ya kutumia fedha mpaka watu wanafilisika. Makundi mawili yalitamba, Marini na Arinoti. Marini walikuwa wanajihesabu wenye mji na wastaarabu. Arinoti walikuwa zaidi watu wa hali ya chini na wa kuja.

Babu yangu alipiga tarumbeta kanisani, Pasaka na misibani, na alikuwa analifuta kwa kitambaa chake maalumu ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Nimekua nikiamini tarumbeta ni chombo cha ibada. Kumbe huku pwani, kabla babu hajazaliwa, watu walikuwa wameshalizungusha mitaani kwa majivuno na kutupiana mafumbo kwa nyimbo. Mambo kama hayo yanaandikika, na ukiyaandika yanakaa. Historia ni somo la maneno. Maneno yakiongezeka, kuna kitu kimeongezeka kweli.

Mji wenyewe pia unamfundisha mtu hata akiwa anatafuta chipsi. Unapita Mtaa wa India, milango ya kuchonga inaliwa na chumvi, unaiona Boma ya Wajerumani ya 1897, iliyojengwa wakati makao makuu ya koloni yalikuwa yameshahamia Dar es Salaam tangu 1891. Unafika penye Caravanserai, kituo cha misafara ya zamani, na huwezi kuacha kuwafikiria wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, walioteremka hapa na pembe za ndovu mabegani. Nilimuuliza mwalimu wa historia wapagazi hao usiku walikuwa wakipiga ngoma zipi, na wenyeji walizipokeaje. Akasema, "Swali zuri, hilo ndilo zoezi lako." Sitamuuliza tena kitu siku ya Alhamisi.

Taa za jukwaa sina la kulalamika. Huko kila wiki kuna kitu kinawaka au hakiwaki, na ukurasa unajiandika wenyewe. Mwenzangu wa chumbani anasoma sanaa za ufundi, mchoraji, na alikataa katakata nilipomwambia mwanga mwekundu na wa kijani vikikutana vinatoa njano. Kwenye rangi zake vinatoa tope. Tulikwenda ukumbini, tukawasha taa mbili tu kuelekea kitambaa cheupe, kikawa njano. Akasimama katikati, vikatoka vivuli vyake viwili, kimoja chekundu na kimoja kijani, naye akaanza kuinua mkono mmoja mmoja kuvikagua. Tangu siku hiyo ananidai nimrudishe tuongeze taa ya bluu.

Stadi za mawasiliano: nimeandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza. Imekubaliwa. Tuendelee.

Baada ya kuzisoma kurasa zangu nilimwendea mwalimu mlezi na ombi. Kwenye ngoma, badala ya mstari, niwe namletea rekodi ya dakika moja, mdundo uleule, ngoma ileile. Alikubali kwa sharti kwamba nisichague: nitakayopiga kwanza ndiyo hiyohiyo, hata nikikohoa katikati. Ya mwanzo wa muhula nilikuwa nayo tayari, maana kuna mwenzetu alinirekodi akaitupia kwenye grupu la darasa ili watu wapate kucheka.

Nilizisikiliza mbili hizo nikitegemea kusikia kasi imeongezeka. Imepungua. Kwenye ile ya zamani nakimbilia mbele, pigo la mwisho linagongana na la kwanza la mzunguko unaofuata, na vumi la jamaa wa Newala halisikiki kabisa ingawa nakumbuka alikuwa ananipigia kando ya sikio. Kwenye hii mpya kuna upenyo kati ya mapigo, na vumi linapita humo. Nilimpelekea mwalimu wa ngoma simu. Ile ya kwanza aliisikiliza mpaka nusu: "Hapa ulikuwa unapiga peke yako." Ya pili aliimaliza, akaigeuza simu nyuma, akauliza inauzwa bei gani.

Lililobaki ni la moto. Rekodi haiwezi kuonyesha nani aliyeigeuza ngoma wala kwa nini. Nimemwomba mwalimu wa ngoma anipe ngoma nizipashe peke yangu kabla hajafika, halafu yeye aje agonge ukingo na kusema. Amekubali, ila ameongeza vumi, kwa sababu ngozi yake ni nene na haimkubali mtu mwenye haraka. Mwenzangu wa chumbani yeye anasema suala hili ni jepesi: chora duara, tia alama pale palipo chini, andika saa, basi. Ameshanichorea mfano, kwa wino, katikati ya daftari langu la nadharia, bila kuniuliza.